Aliyecheka Nyuma ya Kamera

Nilisukuma mlango wa ile wodi nikamkuta mume wangu kalala kitandani, dripu mkononi, na mwanamke nisiyemjua kamlalia kifuani analia kwa sauti.

"Mume wangu, usiniache! Mimi nitabaki na nani?"

Na mume wangu, ambaye asubuhi ile ile alitoka nyumbani mzima kabisa, kabeba ngazi na ndoo ya rangi, alikuwa anampapasa yule mwanamke kichwani. Tena kwa sauti ambayo mimi sijawahi kupewa tangu tuoane.

"Usilie, mke wangu. Umenipa maisha mazuri."

Mke wangu!

Jamani, mimi ni fundi cherehani. Mkasi hauniachi, nauweka kwenye mkoba kama wengine wanavyoweka kitana. Nawaambia hilo ili mjue tu hali ilivyokuwa pale mlangoni.

Lakini nikianzia hapo mtaniona kichaa. Ngoja niwarudishe nyuma kidogo.

Mume wangu ni fundi rangi. Mtaa mzima wanamwita Burashi, mpaka watoto wetu wakiwa wadogo walidhani ndilo jina lake. Ni mwanaume wa hamsini na kitu, mrefu, mwembamba, ameacha sigara na kuirudia mara nyingi mpaka mimi nilichoka kumpongeza. Na si muongeaji. Ukimpikia, anakula. Ukimuuliza chakula kilikuwaje, anakuangalia kama umeuliza swali la mtihani, halafu anasema, "Si nimemaliza?"

Ujanani alikuwa mwigizaji wa jukwaani. Hodari, siwezi kumnyima haki yake. Ila tulipoanza kupata watoto nilimwambia achague, jukwaa au nyumba, maana usiku yuko mazoezini na mchana amelala. Akachagua nyumba. Hakulalamika, na mimi nikaamini mambo yale yameisha.

Sasa asubuhi moja nikamwekea chai kama siku zote. Akapiga funda. Akakishika kikombe kwa mikono miwili, akakitazama, halafu akaniangalia machoni.

"Unajua, mama watoto, miaka yote hii nimekunywa chai bila kuionja."

Nikainua birika nimwongezee.

"Leo nimeionja. Asante."

Akabeba ngazi yake akaondoka. Mimi nikabaki nimesimama na birika mkononi. Burashi aseme asante? Kwa chai?

Nikajua kuna mtu.

Nikaenda moja kwa moja kwa shoga yangu msusi, ambaye saluni yake imepakana na kibanda changu cha kushonea, hatua chache tu kutoka nyumbani. Nikamsimulia. Akaacha kichwa cha mteja katikati.

"Shoga, mwanaume akianza kukusifia ghafla, ujue kuna kitu kinamsuta huko. Nenda kachunguze nguo."

Nguo? Hapo ndipo kwenye fani yangu.

Jioni nikalichukua shati lake nikaliweka kwenye mwanga. Kwenye kola kulikuwa na alama ya kahawia. Rangi ya ukutani naijua, ikikauka inang'ang'ania uzi mpaka uikwangue. Hii ilikuwa poda. Laini, ya rangi ya ngozi, tena si ile ya bei rahisi.

Nikanusa. Spiriti ya hospitali.

Siku ya pili yake nikaona mgongo wa mkono wake umenyonyoka vinyweleo, mraba umenyooka kabisa, kama mtu aliyebandikwa plasta ikabanduliwa. Nikamuuliza. Akasema ni gundi ya kazini. Gundi gani inanyonyoa mraba?

Kilichonimaliza nguvu ni bafuni. Nilikuwa napita na nguo za kuanika, nikasikia anaongea humo ndani kwa sauti ya chini.

"Daktari, niambie ukweli. Nimebakiwa na muda gani?"

Nikaganda pale mlangoni. Kisha akarudia maneno yale yale, safari hii kwa kutetemeka kidogo. Nikasema anaongea na simu. Nikageuka, simu yake iko juu ya meza sebuleni.

Nilimpelekea shoga yangu ushahidi wote. Akaufikiria huku anasuka.

"Ana nesi," akatoa hukumu.

"Nesi?"

"We hesabu mwenyewe. Poda ya mwanamke, harufu ya dawa, plasta. Na huko bafuni anafanya mazoezi ya kukudanganya kwamba anaumwa, ili akilala nje useme kalazwa."

Mtaniambia ni upuuzi. Lakini mtu ukishaingiwa na shaka, kila kitu kinaingia mahali pake vizuri mno.

Kesho yake nikamfuata. Akatoka na ngazi na ndoo kama fundi mwaminifu, akafika kwa fundi baiskeli wa kona, akaviacha hapo vyote! Akajipangusa, akashika njia mpaka kwenye kliniki moja ndogo ya binafsi, akaingia kwa mlango wa nyuma. Nilisubiri kidogo nje, kisha na mimi nikaingia. Ndiyo nikafika pale nilipoanzia, kwenye "mke wangu, umenipa maisha mazuri."

Mkasi sikuutoa. Nilimkamata yule mwanamke nywele.

"Toka juu ya mume wangu!"

Zikabaki mkononi mwangu. Zilikuwa za bandia. Nikasimama nimezishika, yeye kichwa wazi ananitumbulia macho, na nyuma yangu mtu akapiga kelele, "Kaaata!"

Nikageuka. Kijana mwenye kofia iliyoelekezwa nyuma. Pembeni yake kamera. Juu yake taa kubwa mbili, na watu ukutani wamebana vicheko kwa viganja.

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Burashi akainuka kitandani na dripu yake, ambayo haikuwa na sindano, ilikuwa imebandikwa kwa plasta tu. "Mama watoto," akasema taratibu, "nilijua utakataa."

Ilikuwa hivi. Alikwenda kupaka rangi kwa yule kijana, ambaye wote pale walimwita Dairekta. Kijana alikuwa anatafuta mzee wa kuigiza kwenye filamu yake. Ni filamu ya mtu mgumu, mkavu, aliyeishi bila kumshukuru mtu, halafu anaambiwa na madaktari kwamba hana maisha marefu. Ndipo anaanza kuona vitu. Jua la asubuhi. Mke wake. Chai.

Chai! Kumbe asante yangu ilitoka kwenye skripti.

Niliumia, nawaambia kweli. Lakini nikamtazama Burashi amekaa pale na gauni la wagonjwa, poda usoni, na macho yake yanawaka kama ya kijana niliyemjua zamani. Nikashindwa kukataa.

"Sawa," nikasema. "Ila kila siku na mimi nitakuwepo."

"Kwa nini?"

"Nguo za wagonjwa zimeshonwa vibaya. Angalia hilo pindo."

Dairekta akafurahi akanipa kazi ya mavazi. Ukweli mnaujua. Sikuwa nimekuja kuangalia pindo, nilikuja kuangalia wanawake.

Yule mke wa kwenye filamu aligeuka kuwa mtu mwema, mama wa watu, tulicheka naye mambo ya nywele na nikamshonea mpira wa kuzibana vizuri. Shaka yangu juu yake ikaisha. Ikahamia kwa dada wa mashine.

Huyu hakuwa mwigizaji. Alikuwa mfanyakazi wa ile kliniki, anapiga picha za tumbo kwa ultrasaundi. Msichana mkimya, koti jeupe, viatu vya raba. Siku ya tukio la kipimo, yule jamaa aliyeigiza udaktari alishindwa kushika kile kifaa, anakishika kama pasi. Dairekta akakasirika, akamwomba dada mwenyewe aingie mbele ya kamera.

"Washa mashine kabisa, nataka mwanga wake usoni," akamwambia. "Wewe pima kama unavyopima kila siku, mwishoni sema, 'Daktari atakuja kukueleza.' Basi."

Dada akakubali. Burashi akafunua tumbo. Akamwagiwa ile jeli ya baridi, akajikaza asicheke. Kamera ikaanza.

Dada akapitisha kifaa juu ya kitovu. Akasimama. Akakirudisha nyuma. Akakandamiza kidogo, akasogeza uso karibu na kioo cha mashine. Nikaona kabisa ametusahau wote mle ndani.

"Mzee wangu, umewahi kupimwa tumbo?"

Hilo halikuwemo kwenye skripti. Lakini Burashi ni mwigizaji, hakutetereka. "Sijawahi, binti yangu."

"Mgongo unakusumbua?"

"Siku nyingine."

"Kuna kitu nimekiona hapa, na sikipendi." Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Nakuomba usiondoke leo bila kuonana na daktari wa kweli."

Daktari wa kweli! Na yule daktari wetu wa uongo kasimama pale kavaa kipimo cha moyo kichwa chini. Nikashindwa kujizuia, nikaangua kicheko.

"Kata!" Dairekta akaruka. "Dada, umetuua! Umepata wapi hayo maneno?"

"Sikuwa naigiza," dada akasema.

"Na hilo! Mmesikia alivyolisema hilo?"

Watu wakapiga makofi. Na mimi nikapiga, kwa mikono yangu hii.

"Jamani, nasema kweli," akajaribu tena. Makofi yakazidi. Mara mtu wa mapokezi akafungua mlango akasema wagonjwa wamejaa nje wanasubiri mashine, tutoe vitu vyetu. Tukatoka tunacheka, Burashi bado anajifuta jeli.

Tangu hapo yule dada hakumwondolea macho mume wangu. Tukipiga picha wodini, anapita mlangoni. Tukienda kunywa maji, yuko kwenye korido. Mchana nikamwona kamfuata Burashi, kamshika mkono juu ya kiwiko.

"Mzee wangu, naomba tuongee pembeni. Mimi na wewe tu. Ile picha..."

"Niliipenda sana!" Burashi akamkatiza. "Umenizidi hata mimi."

Nikawa nimeshafika. "Kuna nini hapa?"

Dada akaachia mkono. "Samahani, mama. Ni jambo lake. Kazi yetu hairuhusu nimwambie mtu mwingine."

Mtu mwingine! Mimi niliyemzalia!

"Dada," nikamwambia, "huyu hana jambo ambalo si langu. Kama una neno, lisemee hapa."

Akamwangalia Burashi. Burashi akacheka. "Mpeleke kwa Dairekta, mama watoto. Ameshaonja kamera, anataka nafasi kubwa." Nikamshika mume wangu mkono nikaondoka naye, na nilihakikisha dada ameona jinsi nilivyomshika.

Sijui aliipata wapi namba. Nadhani kwa Dairekta. Jioni ile simu ya Burashi ikaita, nikapokea mimi.

"Naomba kuongea na mzee."

"Anaoga."

"Akitoka anipigie, tafadhali. Ni muhimu sana. Ni kuhusu mwili wake."

Mwili wake! Mwanamke ananipigia kwangu, kuhusu mwili wa mume wangu, naye yuko bafuni!

"Sikiliza wewe binti," nikamwambia, "mwili huo una mwenyewe." Nikakata, nikaifungia ile namba. Akapiga kwa namba nyingine, nikaifungia na hiyo. Shoga yangu alinisifu sana kesho yake.

Na kwa nini niliwaka hivyo? Niseme tu. Nilikuwa nimempenda upya mume wangu. Nyumba yetu ilikuwa imekaa kimya miaka, kila mtu na kazi yake, na sasa ilikuwa imejaa vicheko.

Kwenye filamu mwisho anakufa, anaanguka nyumbani kwake huku ameshika tumbo. Basi alifanya mazoezi ya kufa kila mahali. Alikufa jikoni. Alikufa kibandani kwangu, mteja mmoja akakimbia na gauni likiwa bado na pini. Mimi ndiye nilikuwa hakimu.

"Leo bado," nilikuwa namwambia. "Maiti haikuni pua."

"Je, hivi?"

"Hapo sawa. Sasa inuka uoshe vyombo, marehemu."

Alikuwa na mtindo wake. Hata aanguke vipi, lazima uso ugeukie upande niliopo. Alisema mwigizaji akificha uso ameidhulumu hadhira.

Matukio yaliyobaki yakapigwa mbali na kliniki, filamu ikaisha. Tukaagana na watu wote, tukakumbatiana, dada wa mashine sikumwona na nikashukuru.

Kesho yake asubuhi Burashi hakwenda kazini. Alisema mgongo unamuuma, amebeba ngazi vibaya. Nikamwacha chumbani, nikakaa sebuleni napiga pasi suruali za watu.

Nikasikia anaguna.

"Mama watoto..."

Nikaendelea na pasi.

"Mama watoto, tumbo... mgongo..."

"Umezidisha!" nikamjibu. "Mtu anayekufa hana sauti kubwa hivyo!"

Kikasikika kishindo. Halafu kimya.

"Ehee, hapo umepatia," nikasema.

Mlango wa mbele ukagongwa. Nikafungua. Dada wa mashine! Koti jeupe mkononi, jasho usoni, viatu vimejaa vumbi.

Damu ikanipanda. Nikashika miimo ya mlango kwa mikono yote miwili.

"Sasa umemfuata mpaka kwangu?"

"Mama, simu zangu hazipiti, nimeulizia mtaa mzima. Naomba nimwone mzee."

"Humwoni."

"Mama, mimi simtaki mumeo!" Alikuwa karibu kulia. "Nina mchumba wangu. Nikivunja masharti ya kazi na nivunje, wewe nitakuambia tu. Nimezungumza na daktari wangu, amesema aje leo hii, si kesho..."

Ndani ikatoka sauti. Haikuwa hata mguno, ilikuwa pumzi tu inayokwaruza.

Dada akachungulia ndani. "Huyo ni yeye?"

"Achana naye, anafanya mazoezi."

Akaniangalia. Sitasahau alivyoniangalia.

"Mazoezi ya nini, mama? Filamu si imeisha jana?"

Nilisikia maneno yale, na mikono ikaachia mlango yenyewe.

Tulimkuta sakafuni kando ya kitanda. Rangi imemtoka usoni, jasho limelowanisha shati, midomo imekauka. Na alikuwa ameanguka uso umeelekea ukutani. Miaka yote na mazoezi yote, hajawahi kuanguka ameelekea ukutani. Hapo ndipo nilipopiga kelele.

Shoga yangu alitoka saluni na kitana mkononi, akajitupa katikati ya barabara akasimamisha gari la kwanza lililokuja. Lilikuwa gari la kusambazia mikate. Dereva hakuuliza swali. Tukamlaza Burashi kati ya makreti, kichwa chake mapajani kwangu, dada wa mashine kapiga magoti kashika mshipa wa mkono wake, simu kabana begani.

"Ni ule mshipa mkubwa wa damu unaopita tumboni, daktari," alikuwa anasema. "Niliuona mwenyewe umevimba kama puto. Nahisi umeanza kuvuja. Tafadhali wapigie hospitali kubwa watusubiri, waandae upasuaji."

Ndipo nikajua. Kitu alichokiona, kile ambacho tulikipigia makofi, kilikuwa hiki.

Burashi akafumbua macho kidogo. "Mama watoto," akanong'ona, "siigizi."

"Najua, baba. Najua."

Nilimshika uso nikamwomba Mungu kila nilichokuwa nacho. Nilimwambia achukue cherehani, achukue nyumba, aniachie huyu mtu. Harufu ya mikate ya moto ilikuwa imejaa mle ndani, na mpaka leo nikipita karibu na mahali wanapooka mikate nageuza njia.

Walikuwa wanatusubiri getini. Wakampakia kwenye kitanda cha magurudumu wakakimbia naye. Mlango wa chumba cha upasuaji ukafungwa.

Tukakaa kwenye benchi, mimi na yule dada. Angeweza kurudi kazini. Hakurudi.

"Kwa nini hukuniambia tangu siku ile?" nikamuuliza.

"Kazi yangu ni kupiga picha, mama. Majibu ni ya daktari, na ni ya mgonjwa mwenyewe. Nilitaka kumwambia yeye." Akatazama viatu vyake. "Na pale nilipoamua kusema mbele ya wote, mlinipigia makofi."

Nikamshika mkono, ule ule aliomshikia mume wangu kwenye korido, na tukakaa hivyo.

Daktari mpasuaji alitoka amevua kofia.

"Yuko hai," akasema. "Mngefika bila kujua tatizo liko wapi, tungeanza kuhangaika na figo na mgongo, na muda huo hakuwa nao. Nani aliliona?"

Nikamwonyesha kwa kidole. Halafu nikashuka kwenye benchi nikapiga magoti mbele ya yule binti, mbele ya watu.

"Inuka, mama," akasema kwa aibu. "Sakafu chafu hii."

Burashi alikaa hospitali muda. Aliporudi nyumbani alikuwa amekonda zaidi, na mshono mrefu tumboni ambao mimi kama fundi niliukagua na kuupitisha. Sigara safari hii aliiacha bila kutangaza.

Asubuhi ya kwanza nikamwekea chai. Akapiga funda. Akakishika kikombe kwa mikono miwili, akakitazama. Nikajiandaa kusikia yale maneno ya skripti.

"Chai haina sukari hii," akasema.

Nililia, jamani. Nililia mpaka akaogopa. Hakuna mtu aliyemwandikia maneno yale. Yalikuwa ya Burashi wangu mwenyewe, mzima, analalamika.

Siku ya kuonyesha filamu ilikaribia. Dairekta akanipigia simu, anajiumauma.

"Mama, kwenye lile tukio la mashine kuna tatizo la sauti. Dada akishasema 'daktari wa kweli', kuna mtu anacheka nyuma ya kamera. Tumejaribu kukiondoa hicho kicheko, kinaondoka na maneno yake. Unaonaje, nimwite dada arudie?"

"Usimwite," nikasema. "Kiache."

Tulikaa safu ya katikati, Burashi kushoto kwangu, dada wa mashine na mchumba wake kulia. Ukumbi umejaa. Likafika lile tukio. Watu kimya, wengine wanavuta kamasi. "Nakuomba usiondoke leo bila kuonana na daktari wa kweli." Na nyuma yake, kwa mbali lakini wazi kabisa, kicheko.

Mzee mmoja mbele yetu akageuka kwa hasira. "Mjinga gani huyo anacheka mtu akiambiwa habari ya uhai wake?"

Burashi akaniinamia sikioni. "Unaulizwa."

Kwenye filamu alikufa. Ukumbi mzima ulilia, shoga yangu alilia mpaka nywele zikamlegea. Mimi nilikuwa nimemshika marehemu mkono, una joto, una rangi iliyokauka kwenye kucha.

Basi nyie mliosoma mpaka hapa, nina maneno mawili matatu. Mtu akikwambia ameona kitu mwilini mwako, nenda ukapime, hata kama amekuambia mahali pa mzaha. Ukimwonea shaka mtu anayekufuata sana, kabla hujamfungia mlango, msikilize mpaka amalize sentensi. Na kama uliye naye nyumbani analalamika kwamba chai haina sukari, usigombane naye.

Inuka umwongezee.